Acheni Mbuzi Aishi Kidogo

Wadogo zangu wa mgambo, mnaobaki na filimbi yangu na lile karai lenye tobo, mimi nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu hustaafu akiwa na mvi, na mimi sijafika hata thelathini. Lakini Afande Gwandu amesema aliyekabidhi buti amestaafu, na buti nimekabidhi. Naenda chuo kikuu kusoma kriminolojia na sosholojia, yaani habari za uhalifu na habari za jamii inayouzaa, na nimeingilia mlango wa uani: ule mwaka mmoja wa kozi ya msingi ambao sote tunauita faundesheni. Habari za posho mnazijua, na za vyeo sina. Nawaandikia mambo mawili matatu ya kazi, na hasa moja linaloniuma mpaka leo.

Nilizaliwa hukuhuku bondeni, upande wa Ziwa Eyasi. Baba na mama walitoka Singida kuja kupalilia vitunguu kwa msimu mmoja, wakanogewa au wakakwama, inategemea unamuuliza nani kati yao. Nilioga mferejini na watoto wa Kiiraqw, nikafukuzana na ndama pamoja na watoto wa Kidatoga, lugha zao zikaniingia bila mwalimu. Darasani mambo hayakuniingia hivyo. Kidato cha sita nilimaliza, ila matokeo yalipotoka mama alisema, "Zaituni, hili tusiwaambie majirani kwanza." Nikaenda mafunzo ya mgambo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanatangazwa wiki ile. Ningekuta wanatangaza ushonaji, leo mngekuwa mmevaa sare nilizowashonea.

Siku ya kwanza nilipewa buti za mtu aliyekuwa na miguu ya tembo. Nikazijaza vipande vya gunia, nikapangwa kwenye gulio la vitunguu kuzuia lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kichwa kirefu ili mkulima aibiwe akiona kwa macho yake. Mchuuzi mmoja wa lori akaniangalia kuanzia kofia hadi buti.

"Binti, hilo rungu ni la kulindia au la kusongea ugali?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana alikuwa amechekesha kweli. Afande Gwandu, kamanda wetu, mtu mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene, akanivuta pembeni.

"Mgambo hachekeshwi."

"Lakini Afande, kachekesha."

"Utacheka ukifika kwenu."

Niliporudi, yule mchuuzi alikuwa anafungua gunia mwenyewe, anapunguza kile kichwa. "Kwa ajili yako tu, mama ugali," akasema. Tangu siku hiyo nikajua kwamba rungu lina kazi chache kuliko linavyodai. Mimi langu sijawahi kumpiga nalo mtu. Nimeulia nyoka wawili, na mmoja kati yao nadhani alikuwa amekwisha kufa.

Vifaa vyenyewe vya kazi ni vitatu. Kuna filimbi. Kuna kijiti, ambacho unakivunja sawasawa na urefu wa ukwato uliokanyaga, ukibebe mfukoni ukilinganishe kila unapopata shaka. Na kuna karai. Afande alinifundisha kuangalia chini kabla ya kumwangalia mtu usoni. "Uso umefundishwa," alikuwa anasema. "Mguu haujaenda shule." Tulikuwa tunachuchumaa kwenye vumbi mimi na yeye kama watu wanaocheza bao, ananionyesha ng'ombe mwenye mimba anavyotanua kwato za nyuma, na ng'ombe aliyeswagwa kwa haraka anavyochota udongo kwa ncha. Sifa hakuwa anatoa. Ukipatia alisema "haya." Ukikosea alisema "haya" pia, kwa sauti nyingine.

Sasa wapya wenu hapo wanajiuliza karai la nini. Ng'ombe akipotea huku kwetu, mwenye mali anapiga yowe, vijana wanafuata nyayo. Nyayo zikifika mpaka wa kitongoji kingine, wafuataji wanasimama. Hawaingii. Wanawaita wenyeji waje wazipokee. Wenyeji wanatakiwa wazichukue nyayo hizo, wazipitishe kwao, wazitoe upande wa pili na kuzikabidhi kwa wengine. Wakishindwa kuzitoa, ng'ombe kaishia kwao, na wanalipa, hasa yule ambaye zimefia shambani kwake. Mahali pa makabidhiano, ukwato wa mwisho ambao pande zote mbili zimeukubali unafunikwa karai, mtu asiukanyage, kuku asiuparue, hadi shauri liishe. Kulinda karai ni kazi ya mgambo. Nimelilinda juani mpaka pua imebanduka ngozi.

Kuna jambo jingine. Wakishalipa, anachinjwa mbuzi siku hiyohiyo, pande zote zinakula sahani moja. Ukishakula nyama ile ya suluhu, kesi imekufa. Hakuna anayeruhusiwa kuitaja tena, aliyelipa wala aliyelipwa. Wanasema anayeifufua anawarithisha wanawe ugomvi. Nilipenda sana mila hiyo nilipokuwa mpya. Nilikuwa nawasimulia ndugu zetu wakija kutoka Singida, najisikia kama mimi ndiye niliyeitunga.

Basi, nije kwa Mzee Basso.

Basso alikuwa mkulima wa vitunguu, Mwiraqw, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Tulipokuwa watoto, wakulima wengine walitufukuza mferejini kwa fimbo, yeye alikuwa anasema tu, "Ogeni, ila msinywe." Kiangazi kimoja, asubuhi, jirani yake wa upande wa machungani, mfugaji wa Kidatoga aitwaye Gidamis, akapiga yowe. Ng'ombe wake wa kijivu hayupo. Ng'ombe huyo alijulikana na kila mtu, maana ukwato wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani, kama mtu aliyevaa kiatu cha mguu mwingine.

Nyayo zilikuwa rahisi kufuata. Zilishuka moja kwa moja hadi mpaka wa kitongoji chetu, ukingoni mwa shamba la Basso. Afande akapima kwa kijiti, Gidamis akakubali, mwenyekiti wa kitongoji akakubali, nikafunika karai. Tukageuka kuzipokea nyayo ili tuzipitishe. Mbele yetu shamba zima lilikuwa limejaa maji.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Basso. Alikuwa amefungua mfereji alfajiri, kabla ya yowe kusikika. Mwenye vitunguu kiangazi hawezi kuiacha zamu ya maji ipite, kila mtu pale alilijua hilo, na nusu yao wangeua mtu kwa zamu yao. Tope lilikuwa laini kama uji. Tulizunguka upande wa pili, ambako makundi ya ng'ombe yalikuwa yamepita kuelekea milimani; ardhi imevurugwa, hakuna cha kupima. Nyayo zilikuwa zimefia kwa Basso.

"Ni zamu yangu," Basso akasema. "Muulizeni mwenyekiti wa maji."

"Tunajua ni zamu yako," mwenyekiti wa kitongoji akasema.

"Sasa?"

"Sasa zimefia kwako, Basso."

Mila yetu haiulizi kwa nini. Inauliza wapi.

Vijana wa Gidamis walikuwa wamesimama na mikuki, na vijana wetu walikuwa wameanza kuokota mawe wakijifanya wanafunga viatu. Gidamis mwenyewe hakuwa na hasira. "Mimi sisemi huyu ni mwizi," akasema. "Nasema nyayo zimelala kwake."

"Zimelala kwangu," Basso akajibu, "mimi nilikuwa macho, nazimwagia maji ya kuoga?"

Kuna waliocheka, na kicheko kile kikamharibia, maana mmoja nyuma akadakia, "Ndiyo maana zimetakata!" Baada ya hapo ikawa kama jambo lililothibitishwa. Mwenyekiti alitaka damu isimwagike, na simlaumu. Basso akaambiwa alipe. Alikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, bado hajazaa, aliyekuwa amemkuza kwa majani ya kukata kwa mkono. Akamfungua kamba mwenyewe. Mbuzi akachinjwa palepale. Basso akapewa kipande cha kwanza, kama mila inavyotaka, akakitafuna muda mrefu sana. Mikuki ikalazwa chini. Nilitazama wale vijana wakipokezana chumvi na moyo ukanijaa. Nilidhani nimeona amani.

Mvua zilipoanza, Mmasai mmoja wa upande wa Endulen, kule milimani, alishuka bondeni akimswaga ng'ombe wa kijivu mwenye ndama. Nilikuwa gulioni na Afande. Tuliona ukwato kwenye tope kabla ya kumwona ng'ombe. Afande alichuchumaa, akapima kwa vidole, asiseme hata "haya."

"Huyu alitufuata mwenyewe tulipokuwa tunapandisha ng'ombe," yule Mmasai akaeleza, amechoka na amefurahi. "Mimi nilidhani ni wa rika langu mmoja, yeye akadhani ni wangu. Amezaa, ndiyo tukaulizana. Tumefuata alama ya sikioni mpaka huku. Mwenyewe ni nani, nimpe?"

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na wizi. Tulikuwa tumetoza adhabu ya kitu ambacho hakikutokea.

Gidamis alipomwona ng'ombe wake alikaa chini. Halafu akaenda kwa mwenyekiti, mimi nikiwepo.

"Mwenyekiti, mtamba wa Basso nimrudishe vipi?"

"Mtamba gani?"

"Mwenyekiti."

"Gidamis, nyama uliila. Na mimi niliila. Ukimrudisha ng'ombe umeitaja kesi. Kesho wote waliowahi kulipa watakuja na kamba zao mlangoni kwangu. Tutalala?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu bondeni alijua Basso hakuiba, na hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kulisema mbele ya watu. Watu wazima walinyamaza kwa heshima. Watoto hawakuwa wamekula nyama, kwa hiyo wao waliendelea. Binti wa Basso akienda kisimani aliimbiwa "aliyeosha nyayo." Msimu ule uliofuata Basso aliachia shamba, akahamia Baray. Alipita ofisini kuniaga. Akasema, "Haya, binti, uogaji mwema," nikamcheka kwa ajili ya utani wake, halafu nikaingia stoo nikalia juu ya magunia.

Nikamuuliza Afande, "Sasa ukweli tukishaupata baada ya nyama, tunaupeleka wapi?"

Akafikiri. "Mimi nilisomea kwata, Zai. Hilo kaulize waliosoma."

Alikuwa anataka ninyamaze. Mimi nikaenda kuuliza.

Dada mmoja wa stationari pale Karatu mjini ndiye aliyeniambia kwamba wenye alama kama zangu wanaweza kusoma mwaka mmoja wa msingi kisha wakaingia shahada. Nilidhani ananitania. Nilisoma mwaka mzima huku nikiwa na sare. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kile kilima nyuma ya josho, kwa hiyo mlipokuwa mkiniona kule nimekaa peke yangu na simu, sikuwa na mchumba, ilikuwa ni mihadhara. Nilikuwa napakua somo la sosholojia huku mbuzi wa watu wakinusa daftari. Kiingereza chake kilinitesa. Kuna sentensi niliisoma tangu maziwa yanakamuliwa mpaka ng'ombe wanatoka kwenda malishoni, na nilipoielewa ilikuwa inasema watu hufuata desturi kwa sababu watu wengine wanazifuata. Hilo mama yangu angeniambia bure.

Wiki za ana kwa ana tulikwenda Arusha. Darasa letu lilikuwa na askari magereza, mtawa mmoja, dereva wa watalii wa Karatu aliyezoea kueleza kila kitu kwa sauti ya kutangaza simba, na sisi wengine tuliofeli kwa namna mbalimbali. Mhadhiri alikuwa mama mmoja mpole, tunamwita Dokta. Siku ya mada ya uhalifu akauliza kama kunaweza kuwa na adhabu bila kosa. Nikanyoosha mkono, nikasimulia habari ya Basso bila kutaja jina wala kitongoji. Darasa likagawanyika.

"Kwetu jambo kama hilo kuna rufaa," askari magereza akasema. "Mnakula nyama, mnafunga faili? Nyie mna haraka kuliko polisi."

"Na wangepigana?" mtawa akamwuliza. "Wangekufa vijana, ungekata rufaa kwa nani?"

Dokta akatuacha tugombane, kisha akasema, "Zaituni, usiitukane mila yenu upesi. Mahakamani pia asiye na hatia hufungwa, na hapewi hata mbuzi. Lakini uliza swali moja. Kila nyumba ina mlango wa kuingilia. Hii ya kwenu, mlango wa kurudi uko wapi?"

Nilirudi bondeni na swali hilo na furaha ya mtu aliyeokota ufunguo. Mimi ni mtu wa ndoto, mnanijua. Nikafikiri: huku kwetu watu hukaishiana ng'ombe, rafiki anampelekea rafiki ng'ombe amkamue, si malipo, si zawadi, ni urafiki tu. Gidamis hawezi kurudisha mtamba, ila nani atamzuia kumkaisha Basso ng'ombe? Kesi haijatajwa, haki imepita kwa mlango wa nyuma! Nikatembea mpaka kwa Gidamis, jasho linanitoka, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maziwa.

"Mwanangu, nilikwenda Baray zamani. Nilimpeleka yule kijivu mwenyewe na ndama wake."

"Akasemaje?"

"Alimwangalia ukwato. Akasema, ng'ombe mzuri, lakini ng'ombe huyu atasema nini? Atawaambia watu mimi si mwizi? Akanipa uji, nikarudi na ng'ombe wangu."

Mwaka mzima wa kusoma nilikuwa nimetafuta njia ya kurudisha ng'ombe, na Basso hakuwa anadai ng'ombe. Alikuwa anadai neno moja mbele ya watu, na neno ndilo tulilolifungia.

Mitihani ya mwisho nilifaulu. Mama aliwaambia majirani wote, hata wa upande wa josho. Nilipompelekea Afande habari, nilimpelekea na ombi. Nilisema, Afande, karai linasubiri juu ya ukwato. Kwa nini mbuzi asisubiri? Watu wakubaliane, mikuki ilazwe, mali ishikwe na mwenyekiti, lakini nyama isiliwe mpaka mvua zinyeshe na ng'ombe wa milimani warudi. Kama kuna ukweli njiani, uwahi.

"Na vijana wenye mikuki, watasubiri mvua?"

"Sijui, Afande."

"Chuo hawajakufundisha?"

"Bado. Ndiyo kwanza faundesheni."

Akacheka, mara ya kwanza nikiwa kazini kwake. Kisha akasema, "Mimi nimezeeka na yale ya zamani. Waandikie watakaobaki." Ndiyo maana mnasoma haya. Sina hakika kama itawezekana. Mtakaojaribu ni ninyi, na mikuki itakuwa mbele yenu, mimi nikiwa maktaba. Ila mnapolifunika karai, hesabuni na maji, hesabuni na makundi yanayopanda milimani, na mkimwona mbuzi ameshaletwa na kamba shingoni, acheni aishi kidogo.

Siku ya kuniaga, Afande alichinja, kwa sababu mgambo haagwi kwa maharage. Nilikuwa nimemtumia Basso ujumbe aje, sikutegemea. Alikuja kutoka Baray na kofia yake ya sufu, akakaa mwisho wa benchi. Gidamis alipofika alitazama watu wote, nafasi zilikuwepo nyingi, akaenda kukaa pale pale karibu naye. Basso akasogea kumpisha. Watu wote tulijifanya hatuoni, na wote tuliona.

Nikabeba sinia nikipitisha nyama mwenyewe. Nikampelekea Basso wa kwanza, kipande kizuri cha mbavu.

"Karibu, mzee wangu. Kula."

Akaliangalia sinia, akanitazama kwa upole kama zamani mferejini.

"Asante, binti. Nyama ya huku nilishakula."

Nikarudi jikoni nikamtafutia ugali na mchicha.